Simu ya Seng'enge

JUMAMOSI, SAA 3:30 ASUBUHI

Wanne. Mlango umefungwa kwa ndani. Chumba kinanuka soksi na mafuta ya taa.

Ilikuwa stoo ya masanduku, katika shule moja ya bweni ng'ambo ya mto kutoka Kalenga. Serikali iliamini kwamba saa hiyo vijana wake wanapumzika baada ya kazi za shamba. Vijana wenyewe walikaa juu ya masanduku yao ya mbao, udongo mwekundu ungali mikononi, wakipanga ujambazi.

Andendekisye alikuwa bosi. Kijana wa Kinyakyusa, kidato cha tatu, mwenye ndevu chache alizozikagua kila Jumapili kwenye kioo cha kuazima. Alichora kwa chaki juu ya kifuniko cha sanduku.

"Hapa jiko. Hapa tulipo sisi, ubavuni mwa jiko. Kule juu kilimani, nyumba ya Mkuu. Wageni wa wilaya wanafika saa tano. Mama Esta anatoka jikoni kuwapandishia chai. Sufuria inabaki peke yake."

"Sufuria ya nini?" aliuliza Shija. Alijua. Alitaka tu kusikia tena.

"Pilau. Mbuzi mzima."

Ulikuwa mwaka sabini na nne. Mvua zilikuwa zimegoma, mahindi yamekauka shambani, na tangu Julai shule ilikula ugali wa unga wa Yanga, ule wa njano uliotoka ng'ambo, kwa maharage ambayo nyama yake pekee ilikuwa wadudu.

Andendekisye aliinua gunia. Chini yake zilikaa simu mbili za jeshi, za vita ya Wazungu, kila moja na mkono wa kuzungusha. Mwalimu wa fizikia alikuwa amezitangaza kuwa marehemu. Andendekisye alizitoa kabatini usiku wa Jumatano, akazisafisha kwa spiriti, akazitia betri za tochi. Njuga za ndani alizing'oa. Simu ikiitwa ingetetemeka tu, kama mtu mwenye homa.

"Kwa nini tusipige mluzi?" aliuliza Magesa. Huyu alikuwa mnene kidogo, mpole, mwenye adabu za mtoto wa mwalimu, na tumbo lisilo na adabu hata kidogo.

"Mluzi anausikia kila mtu. Simu ya posta anaisikia opereta, na opereta ana mashemeji. Hii itakuwa yetu wenyewe. Itapita mbele ya macho ya shule nzima, na hakuna atakayejua kama ipo."

"Waya je?"

"Upo. Seng'enge ya shamba, uzi wa juu. Unatoka hapa dirishani mpaka banda la kuku la Mkuu. Kwenye kila nguzo Shija ameukalisha juu ya mpira wa baiskeli, umeme usivuje."

"Simu inataka nyaya mbili," alisema Yotamu.

Wote walimgeukia. Yotamu hakuwa msemaji. Alikuwa na onyo la mwisho. Muhula uliopita alikamatwa akiruka ua na chupa ya ulanzi, pombe ya mianzi, na Mkuu alimwambia mbele ya paredi: kosa moja tena, sanduku lako na wewe, basi la Mbeya. Nyumbani kwao, juu milimani Uporoto, mama alilima pareto na baba alikuwa mzee wa kanisa. Katika ukoo mzima Yotamu ndiye wa kwanza kuvuka darasa la saba. Kila Krismasi walimuombea kwa jina.

"Waya wa pili ni ardhi," alisema Andendekisye. "Unachimbia chuma huku, unachimbia chuma kule. Ardhi inarudisha umeme bure, haidai nauli. Wewe utakaa bandani kwa kuku."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ya onyo lako. Hugusi sufuria, huonekani jikoni. Mkuu akiinuka, unatuambia. Sisi tukimaliza, tunakuambia 'kimbia', unakimbia. Mpaka usikie neno hilo, hutoki. Ukitoka mapema, utakutana nao njiani."

"Na msiponiambia?"

"Gwe Yotamu! Nimekuacha lini mimi?"

Yotamu alichukua simu yake.

Neno la siri alilitoa Shija, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu, jirani na Igawa. Anayepiga anauliza: "Ng'ombe wamekunywa?" Anayepokea anajibu: "Wamekunywa, wamelala." Asiyejibu hivyo si wetu. Kata.

SAA 4:10

Yotamu alikuwa tayari bandani. Andendekisye alizungusha mkono wa simu. Kimya.

Alizungusha tena. Kimya kile kile, kimezeeka kidogo.

"Shija. Nenda ukague seng'enge."

Shija alikwenda, akarudi anahema. Pale getini kipande cha waya walichounganishia kilikuwa kimeanguka. Amekifunga upya.

Andendekisye alizungusha. Krrr. Kitu kikakohoa sikioni.

"Halo! Ng'ombe wamekunywa?"

"...nywa... me..."

"Nini?"

"...la..."

"Sema tena, bwana!"

Kimya.

Shija alikimbia mara ya pili. Safari hii ng'ombe wa shule, ng'ombe halisi, alikuwa anajikuna shingo kwenye waya na kuusukuma mpaka kwenye mti wa mnyaa. Shija alimfukuza kwa Kisukuma. Alirudi. Krrr. Kimya. Alikimbia mara ya tatu na hakuona kosa lolote. Ilikuwa mbaya kuliko kuliona.

"Betri," alisema Magesa.

"Betri ni mpya."

"Labda simu imekufa kweli. Mwalimu alisema."

"Mwalimu alisema! Na wewe akili yako iko wapi?"

Andendekisye aliigonga simu kwenye sanduku. Aliifungua, akaifunga, akaifungua tena. Aliwalaani waliotengeneza simu, waliotengeneza seng'enge, na Wazungu kwa jumla. Jasho lilimdondoka puani. Kisha alichungulia dirishani, kule chini alikochimbia chuma. Udongo ulikuwa mkavu kama unga. Ulikuwa umepasuka, ukaachana na chuma pande zote.

"Ardhi ina kiu," alisema.

Kulikuwa na debe moja la maji. Lilikuwa mali. Pampu ya shule ilikufa tangu Alhamisi, na debe hilo Shija alilibeba kutoka mtoni kichwani. Andendekisye alimimina kikombe kimoja juu ya chuma. Ardhi ilinywa kwa sauti.

Akazungusha.

"Ng'ombe wamekunywa?"

"Wamekunywa, wamelala," ilijibu sauti ya Yotamu, karibu kabisa, kana kwamba ameketi sandukuni. "Andendekisye, kuku mmoja amenipanda kichwani."

Walikumbatiana. Walicheka bila sauti, machozi yakiwatoka. Baada ya dakika chache laini ilianza kukohoa. Kikombe kingine. Ikapona.

Basi Magesa aliteuliwa Waziri wa Maji. Kazi yake moja: kila laini ikikohoa, kikombe.

"Kazi rahisi," alisema Bosi. "Hata wewe huwezi kuiharibu."

SAA 5:20

Simu ilitetemeka.

"Ng'ombe wamekunywa?"

"Wamekunywa, wamelala."

"Wageni wamekaa barazani. Mama Esta anapanda na sinia. Nendeni," alisema Yotamu.

Shija alitoka. Magesa akamwaga kikombe. Andendekisye alibana simu sikioni, akasikia kuku, upepo, na pumzi za Yotamu.

Jikoni, sufuria ilikaa juu ya mafiga, makaa yakiwaka juu ya kifuniko. Shija aliyakung'uta makaa yale juu ya sufuria nyingine, tupu, akaiweka mahali pake. Mtu akitazama kwa mbali angeapa kwamba chakula kipo. Aliikumbatia ile ya kweli kwa magunia mawili, akaondoka nayo kama mtu aliyebeba ndama mgonjwa.

SAA 5:28

Kifuniko kilifunuliwa. Mvuke ulipanda mpaka kwenye dari. Iliki. Kitunguu. Mafuta yaliyong'aa juu ya kila punje.

Shija alinyoosha mkono.

"Ngoja," alisema Magesa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye kanisani. "Mikono."

Walitazama mikono yao. Udongo wa shamba tangu alfajiri, kutu ya seng'enge, masizi ya sufuria. Hakuna mama kati ya mama zao watatu ambaye angevumilia.

"Sisi ni majambazi," alisema Magesa, "si washenzi."

Magesa alishika kikombe, akamnawisha Bosi kwanza, maana ndiye mkubwa. Kisha Shija. Kisha Shija akamnawisha yeye. Kulikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia. Walinawa kama walivyofundishwa, mpaka viwikoni, wakasuuza mara mbili. Hawakutaka kuacha tope sakafuni likawasaliti, kwa hiyo walinawia juu ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Mchanga ulimeza kila tone.

Walipiga tonge la kwanza. Walifumba macho. La pili. La tano.

Andendekisye ndiye aliyekumbuka. Alishika simu kwa mkono wenye mafuta, akazungusha.

Kimya.

"Magesa. Maji."

Magesa aliacha kutafuna.

"Maji gani?"

Andendekisye alilitazama debe. Aliliinua. Lilikuwa jepesi. Aliligeuza juu ya dirisha, akangoja. Halikutoa hata chozi.

"Gwe Magesa," alisema polepole. "Umetunawisha simu."

"Na wewe ulinyoosha mikono!"

Bosi alizungusha. Alizungusha mpaka bega likauma. Kule kilimani kulikuwa na kijana mmoja, kati ya kuku, anayengoja neno moja. Hangetoka bila neno hilo. Ndivyo alivyoambiwa.

"Nikimbie?" aliuliza Shija.

"Upite wapi? Mama Esta yuko njiani, anateremka."

Na kweli. Walisikia kandambili zake zikikaribia. Zikaingia jikoni. Kifuniko kikalia. Kisha ukelele wa Mama Esta ulivuka mto, ukafika Kalenga, ukarudi.

Shija alisimama dirishani, akafungua kaptula.

"Unafanya nini wewe?"

"Ardhi ina kiu."

Tangu asubuhi hakuwa amekunywa kitu. Yalitoka machache, kwa shida, kwa sala. Lakini yalifika. Andendekisye alizungusha. Krrr. Mtu akapokea.

"Ng'ombe wamekunywa?" Bosi alinong'ona. "Yotamu! Ng'ombe wamekunywa?"

Sauti ilichelewa. Kisha ikaja, nzito, ya mtu mzima, isiyo na haraka.

"Kamwene," ilisalimu kwa Kihehe. "Ng'ombe gani, baba?"

Mwalimu Kalinga. Mkuu wa shule.

Andendekisye alikata.

SAA 6:05 MCHANA

Kengele ya gurudumu iligongwa mpaka ikapasuka sauti. Shule nzima paredi, kwenye jua. Barazani wageni wa wilaya walikaa na chai iliyopoa.

Yotamu alisimama mbele. Manyoya ya kuku kichwani. Simu imening'inizwa shingoni kwa mkanda wake.

"Simu ina ncha mbili," alisema Mwalimu Kalinga. Hakupaza sauti. Hakuwahi kupaza. "Ncha hii nimeikuta kwenye banda langu la kuku, inazungusha mkono kama anayesaga kahawa. Hata nilipomshika bega, alizungusha tena mara moja. Ncha ya pili ni nani, Yotamu?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi la Mbeya linapita saa tisa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sanduku lako utalibeba mwenyewe."

"Ndiyo, mwalimu."

Yotamu alitazama mbele, juu ya vichwa vyao, upande wa barabara kuu. Hakumtafuta mtu kwa macho. Andendekisye aliomba amtafute. Aliomba atazamwe hata kwa chuki.

Mkuu aligeuka. "Wote. Mikono mbele."

Mikono mia tatu ilinyooshwa. Ilikuwa myekundu yote. Asubuhi kila mtu alikuwa shambani, na tangu Alhamisi hakuna aliyenawa. Mkuu alianza kupita mstari wa kwanza, taratibu, mikono nyuma, kama anayekagua mahindi.

Katika mstari wa nne Magesa alizielewa habari kabla ya wengine. Aliinama kana kwamba anafunga kiatu. Hakuwa na kiatu. Alisugua viganja vumbini.

"Chukua vumbi, bwana," alinong'ona. "Haraka!"

Shija alisita. Kisha naye aliinama.

Andendekisye alitazama viganja vyake. Vilikuwa safi kuliko siku aliyopata kipaimara. Ardhi ilikuwa hapo hapo, karibu, bure. Aliinua macho. Kule mbele Yotamu naye alikuwa amenyoosha mikono, maana mwalimu alisema wote. Mikono yenye kutu, yenye kinyesi cha kuku, yenye lengelenge jipya kwenye kiganja cha kulia. Lilitokana na kuzungusha.

Mkuu alifika. Alisimama mbele ya Magesa kwanza. Vumbi lilikuwa limekutana na mafuta ya mbuzi, likafanya udongo wa mfinyanzi.

"Magesa, umekaanga vumbi?"

Magesa alifungua mdomo, akatoa harufu ya iliki.

Andendekisye hakungoja. Alitoka mstarini, akaenda mbele, akasimama kando ya Yotamu, viganja juu.

"Ncha ya pili ni mimi, mwalimu."

Nyayo nyingine zilimfuata. Shija. Alikuwa anajifuta mikono kwenye kaptula.

Mwalimu Kalinga alirudi mbele bila haraka. Alinusa viganja vya Andendekisye. Kisha alishika mikono ya Yotamu, akaigeuza, akaitazama muda mrefu.

"Wewe hukula?"

"Hawakunipigia, mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Hata wale wa kidato cha kwanza, ambao hucheka misiba.

"Jambazi aliyeshiba ninamjua dawa yake," alisema Mkuu. "Jambazi aliyelinda sufuria asiyoionja ni mjinga. Na wajinga ndio tunaolipwa kuwafundisha. Sanduku lako libaki."

Yotamu alishusha mikono.

Wageni wa wilaya siku ile walikula ugali wa Yanga na maharage. Walisifu sana moyo wa kujitegemea.

JUMATATU, SAA 9:00 ALASIRI

Adhabu: kung'oa kisiki cha mkaratusi nyuma ya bweni. Kikubwa kuliko meza ya Mkuu. Mizizi imeshika ardhi kavu kama meno. Wanne, majembe mawili, sururu moja, debe moja la maji ya mtoni la kutwa nzima.

Yotamu alikuwa hajasema neno tangu Jumamosi. Alichimba upande wake. Magesa alimwomba radhi mara tatu, Shija mara moja. Yotamu aliendelea kuchimba.

Kengele ya ugali iligongwa. Waliweka zana chini. Andendekisye alitazama mikono yake, myekundu mpaka viwikoni, lengelenge kila kidole.

"Yotamu," alisema. Sauti haikuwa ya bosi. "Ndugu yangu. Tumiminie maji tunawe."

Yotamu alilichukua debe. Alilibeba kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayewahudumia wageni. Walinyoosha viganja, watatu, wamepanga mstari.

Aliwapita. Alilimwaga lote juu ya mizizi, mpaka tone la mwisho, akasikiliza ardhi ikinywa.

"Ardhi kwanza," alisema, akaenda kula.