Homa ya Mheshimiwa

Ekseli ya nyuma ilikatika kwa mlio wa gogo linalopasuliwa. Lori likalala upande ndani ya korongo kavu, na huko nyuma kabati la vioo likajigonga kwa kishindo kilichomtoa Mheshimiwa yowe. Hakuuliza nani ameumia. Hakumtazama hata mkewe, aliyekuwa ameshika paji la uso na damu ikimchuruzika katikati ya vidole. Aliruka chini, akakimbilia nyuma, akaanza kuhangaika na kamba za turubai.

"Kimepasuka kimoja tu!" alitangaza. "Kioo kimoja tu!"

Dereva alizima injini. Alimfunga mke huyo, mdogo wake wa damu, kitambaa kichwani, akahakikisha kidonda ni cha ngozi tu, ndipo akateremka na yeye. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, aliyeendesha malori tangu ujana, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia njia asiyoijua. Leo ameingia. Ameingia kwa sababu shemeji yake alipiga kelele kutwa nzima kwamba kuna mkato, kwamba anaujua, kwamba barabara kuu ni ya watu wasio na akili.

Jina la Mheshimiwa alijipa mwenyewe. Hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote, hata kusimamia foleni. Siku moja alivaa suti, akajipenda, akaanza kusema polepole, na watu wakaona ni rahisi zaidi kumwita anavyotaka kuliko kukaa wakimsikiliza akijieleza. Sasa alikuwa anahamisha nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya lori: kitanda, friji, mapazia, kabati, na seti ya makochi mekundu ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuruhusiwa kuyakalia bila kitambaa.

Dereva alizunguka lori, akachungulia huku na huku. Akasimama.

"Mapipa yangu ya maji yako wapi?"

"Yapi?"

"Yale mawili niliyoyapakia kwa mikono yangu, kabla sijaenda kujaza mafuta."

"Ah, hayo. Niliyashusha," alisema Mheshimiwa, akiufuta mkono wa kochi vumbi. "Yalikuwa yanabana makochi. Maji yapo kila mahali, shemeji."

Dereva alitazama kila mahali. Vichaka vya miiba, mawe, udongo uliopasuka kama kisigino, na jua. Simu hazikuwa na mtandao tangu asubuhi. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na dumu moja la maji. Angeweza kumzaba kofi. Alijizuia kwa sababu moja tu: mtu yule alikuwa anatetemeka. Jua la kukaanga mawe, naye meno yanagongana, koti amelifunga mpaka kifungo cha juu.

"Unaumwa wewe?"

"Mimi siumwi. Ni kiyoyozi cha lori lako."

Lori halikuwa na kiyoyozi.

Kabla jua halijapinda, Mheshimiwa alikuwa chini. Mkewe alimfunika blanketi, akaongeza la pili, akaongeza na pazia, akawa anambembeleza. "Pole, baba. Pole, mume wangu. Utapata joto sasa hivi." Dereva alipoweka kiganja shingoni mwa shemeji yake alikiondoa haraka, kama aliyegusa sufuria.

"Toa hayo mablanketi."

"Dada, anasikia baridi!"

"Anasikia, lakini hana. Anaungua. Unamchemsha."

Aliyavuta yote akayatupa. Koti likafuata, tai ikafuata, viatu vikafuata. Mheshimiwa alipinga kwa sauti ndogo kwamba hawezi kuonekana hivyo mbele za watu. Watu wenyewe walikuwa ndege wawili juu ya mti.

"Homa hii imeanza lini?" dereva alimuuliza mdogo wake.

Mdogo mtu alisitasita, akimwangalia mumewe kama anayeomba ruhusa. "Wiki iliyopita. Walimpima, wakakuta malaria, wakampa dozi. Alimeza siku ya kwanza akapata nafuu. Akasema kumaliza dozi ni kwa watu dhaifu."

"Zilizobaki?"

"Droo ya kabati. Chini ya vijiko."

Walishusha vitu. Wanawake wawili walivuta kabati lile huku mwenye kabati akiwaelekeza kutoka chini, macho yamefumba, wasikwaruze rangi. Vidonge vilikuwapo, ndani ya karatasi yake, vyote isipokuwa vile vya kwanza. Dereva alivitazama kwa chuki tulivu. Mtu mzima, mwenye masharubu, amebeba dawa yake porini kama mzigo wa mtu mwingine.

"Meza."

"Ni vichungu, shemeji."

"Meza, au nikumezeshe."

Alimeza. Dereva akampa na kidonge cha homa kutoka sanduku la huduma ya kwanza, akamnywesha maji kidogo kidogo, mafunda yasiyojaza shavu. Kisha wakatengeneza kivuli: turubai kutoka ubavu wa lori hadi kwenye miti miwili, godoro chini yake, makochi upande wa upepo kuzuia vumbi, friji kwa upande wa pili. Kwa mbali kingeonekana kama sebule ambayo nyumba yake imeondoka usiku bila kuaga.

Maji ya dumu yalikuwa ya kunywa. Ya kumpangusia mgonjwa, dereva aliyachukua kwenye rejeta inayopoza injini. Yalikuwa na kutu na harufu ya chuma, hayafai mdomoni, lakini ngozi haichagui. Alichana pazia vipande, akaloweka, akawa anampangusa shingo, makwapa, mapaja, anampepea kwa mfuniko wa sanduku, anarudia. Mdogo wake alimsaidia huku akilia.

"Usilie, unapoteza maji," dereva alimwambia.

Kazi ile ilimwonyesha mambo aliyotamani asiyaone. Chini ya shati lililopigwa pasi kulikuwa na fulana yenye matundu. Soksi zilishonwa visigino kwa uzi wa rangi nyingine. Bitana ya koti ilikuwa kiraka juu ya kiraka. Miaka yote hii alimdharau mtu aliyejazwa upepo. Sasa alikuwa ameshika mpira wenyewe, na ulikuwa umechakaa. Jambo hilo lilimuudhi zaidi. Kumdharau mtu asiye na kiraka ni raha. Kumdharau mtu aliyeshonwa shonwa ni kazi.

"Shemeji," alinong'ona Mheshimiwa, "nikifa..."

"Hufi. Ukifa nitalazimika kukaa msibani nisikilize watu wakikusifu. Sina nguvu hizo. Kunywa."

Akanywa.

Asubuhi homa ilishuka kidogo. Mheshimiwa aliketi, akanyonya kipande cha mkate, akaeleza kwa kirefu kosa la dereva katika kuingia korongoni. Dereva alikuwa anapima dumu kwa jicho, na jicho halikupenda lilichokiona. Alifikiri kutembea kurudi barabara kuu. Lakini mdogo wake alikuwa na jeraha na kizunguzungu, na mtu mmoja asingeweza kumgeuza mgonjwa yule, mzito kama gunia la mchanga lililolowa.

Mchana homa ilirudi na wenzake.

Safari hii hakutetemeka. Alikuwa mkavu, mwekundu wa macho, anapumua kama anayekimbizwa. Alianza kuweweseka. Mara alimwita mama yake. Mara alimwagiza mtu asiyekuwapo alete viti. Kisha, wakati dereva amekwenda kukinga maji ya rejeta, akasimama. Hakuna aliyejua nguvu hizo alizitoa wapi. Alisimama katika chupi na soksi, mkono mmoja juu, akavihutubia vichaka.

"Ndugu zangu! Mmenisubiri muda mrefu! Na mimi nimekuja!"

"Baba, lala chini," mkewe alimsihi, akimshika kiuno.

"Mnataka maji? Nitawapa maji!"

Akapiga teke. Dumu likaanguka, kizibo kikaruka, na maji yakaanza kuingia ardhini kwa sauti ya kunyonya. Mkewe alimwachia akalirukia dumu. Aliokoa kiasi cha chini tu, kile kinachochezacheza mtu akilitikisa. Alipoinua kichwa, mumewe alikuwa tayari juani, anatembea kwa madaha kuwapungia mkono wapiga kura wake. Hatua chache tu. Kisha magoti yakakatika, akaanguka kifudifudi, na mwili mzima ukaanza kujirusha.

Dereva alikuja mbio. Alimlaza ubavu, akasukuma mawe mbali na kichwa chake.

"Kijiko, dada! Tumtie kijiko asijing'ate!"

"Usimtie kitu mdomoni! Atavunjika meno, au atasongwa. Shika bega tu. Mwache mwili utulie wenyewe."

Walishika. Povu lilimtoka pembeni mwa mdomo. Mkewe alikuwa anasema maneno yasiyo na mpangilio, anaahidi, anaomba msamaha kwa makosa ambayo hayakuwa yake. Hatimaye mwili ulilegea. Alikuwa anapumua, lakini alipoitwa hakuitika. Wakamburuta hadi kivulini, dereva akammiminia maji yote ya rejeta yaliyobaki kuanzia shingoni hadi miguuni, wakampepea mpaka mikono ikafa ganzi.

"Akiamka ndipo anywe," dereva alisema. "Kabla ya hapo, hata tone."

"Na asipoamka?"

Dereva alizidisha kupepea. Aligeuza uso asitazamwe, na hapo ndipo alipoliona vumbi. Mbali sana, ukingoni mwa uwanda, lilipanda, likaenda mstari ulionyooka, likasimama, likarudi njia ileile.

"Huo si upepo," alisema. "Ni mtambo. Watu wanachonga barabara kule."

Alipiga honi. Honi ilitoa sauti ya mbuzi mwenye mafua, ikafa. Akaanza kufungua tairi la akiba ili alichome, moshi uonekane, akipambana na nati iliyoshikana kwa kutu. Nyuma yake alisikia kitu kizito kikiburutwa. Aligeuka.

Mdogo wake, yule aliyekuwa akiomba ruhusa hata ya kupiga chafya, alikuwa analivuta kochi kubwa kuelekea mchangani. Alirudi akachukua dogo. Akarudi tena. Alichana kitambaa kwa kisu cha jikoni, akachomoa sponji, akamimina dizeli iliyokuwa kwenye kopo, akawasha kiberiti.

"Atakuua akiamka," dereva alisema.

"Aamke kwanza."

Sponji ilishika moto kwa pumzi moja. Moshi ukapanda mweusi, mnene, wenye uvundo, ukasimama angani kama nguzo. Yule mwanamke alisimama karibu kuliko ilivyofaa, uso unang'aa jasho, akayatazama makochi yakijikunja. Kisha akaenda kwenye kabati, akang'oa mlango uliosalia, akautupia motoni, kioo na vyote.

Kule mbali vumbi lilisimama. Kisha likaanza kuja.

Waliofika walikuwa wanaume watatu katika gari la maji la wajenzi wa barabara, wamekuja wakitukana, wakidhani ni watu wanaochoma pori. Matusi yaliishia kwenye godoro. Wakamwaga maji juu ya Mheshimiwa bila kuyapimia, wakampandisha. Njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa shemeji yake kwa kuwa mkewe alikataa kukipakata, alifungua macho, akanusa.

"Nini kinaungua?"

"Makochi yako," mkewe alisema kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka.

Kwenye kituo cha afya walimchoma sindano, wakamtundikia maji, wakawaambia kwamba wangechelewa kidogo tu wangeleta maiti. Dereva alikwenda kushughulikia lori. Aliporudi wodini, Mheshimiwa alikuwa ameketi kitandani amechomekea shati la hospitali ndani ya suruali, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wamemgeukia.

"Mimi nikaona hali ni mbaya," alikuwa anasema polepole. "Hawa wanawake wanalia. Nikawaambia, kuna vitu na kuna uhai. Chomeni makochi! Mali hutafutwa."

Dereva alivuta pumzi, tayari. Maneno yalikuwa mdomoni, ameyanoa njia nzima: mapipa, dozi, hotuba ya chupi. Lakini mkewe alimtangulia. Alicheka. Hakikuwa kicheko cha kumfurahisha mtu. Kilianza chini, kikapanda, kikajaza chumba, mpaka mzee wa kitanda cha pembeni akaanza kutabasamu bila kujua sababu.

"Unacheka nini?" Mheshimiwa aliuliza.

"Nakucheka wewe."

Akamwekea kikombe cha uji mezani, mbali kidogo, mahali ambapo mkono wake ungefika kama angejisumbua, akatoka nje.

Dereva alikuwa ameingoja siku hiyo tangu harusi yao. Alijua angeifurahia. Alisimama pale akisubiri furaha ije, huku Mheshimiwa akinyoosha mkono kuelekea kikombe, uji ukimwagika kwenye shuka, naye akijifanya hakuona kwamba wote wameona. Dereva aliijua mikono ile sasa. Alizijua mbavu zake na uzito wa kichwa chake. Mtu ukishampangusa makwapa kwa maji ya rejeta, huwezi tena kumdharau kwa moyo mweupe.

"Lete hapa, mjinga wewe," alisema, akaketi ukingoni mwa kitanda, akakishika kikombe.

Mheshimiwa alikunywa. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakusema neno.