Kioo Kilichokunywa Rangi

Kioo hakina ladha, fundi yeyote wa vioo atakwambia. Huyu wetu, mama wa binti mmoja, alikuwa na mazoea ya kulamba kipande chenye vumbi ili aione rangi yake halisi. Siku aliyoleta vipande kutoka nyumba iliyobomolewa, ulimi wake ukakutana na chumvi ya jasho. Akatema, akaendelea na kazi. Bintiye, aliyemwiga mama yake kama kasuku, naye akalamba.

Dirisha la vipande hivyo likakamilika: rangi tupu zilizoungwa kwa mikanda ya madini ya risasi, bila ua wala ndege.

"Sasa hiki ni nini, mke wangu?" mumewe alimtania.

"Si kitu. Ni rangi tu."

"Basi hata mimi msanii, nikimwaga chai."

Utani huo haukudumu. Midomo ya mtoto ilififia, kisha nywele zikawa kama katani, kisha mboni za macho zikapauka akawa anapapasa kuta, na kadiri alivyopungua ndivyo dirisha lilivyonona, wekundu wake ukinuka damu mbichi, na ukilisogelea unasikia ndani yake kitu kikimeza.

Bibi mganga waliyemwita aliweka sikio kwenye kioo, akaliondoa upesi. "Humu mna jini," alinong'ona. "Lifungue dirisha kipande kimoja kimoja, mwanangu. Kinachotoka kizima kinamrudishia mtoto rangi yake. Kikivunjika, imepotea. Na ukiitwa, usigeuke."

Baba akampeleka mtoto nje uani. Mama akaanza kukata risasi. Kipande chekundu kilipotoka kizima, mumewe alipaza sauti nje: "Midomo imerudi!" Mama akalia kwa furaha, lakini hakuacha kazi, akatoa kipande baada ya kipande hadi kikabaki kimoja cheusi, chenye rangi ya mboni za mtoto, na alipokuwa akikivuta polepole, akiogopa hata kupumua, sauti ya bintiye ikamlilia kisogoni, "Mama, linaniuma, mama, nishike!" naye akageuka kabla akili haijamkumbusha kwamba mtoto yuko nje.

Hapakuwa na mtu. Kipande kikapasuka sakafuni, na kitu kikacheka taratibu, cheko la aliyeshiba.

Mlango ukafunguka. Jua la mchana likajaa chumbani. Mtoto aliingia mbio, midomo myekundu, nywele nyeusi tii, akajigonga kwenye meza, akasimama akitabasamu kuelekea ukutani.

"Mama, baba anasema nimepona! Hebu washa taa nikuone."