Maji ya Nyuki

Kila nikitoka shule nilikuwa na kazi moja: kuchota ndoo ya maji kisimani na kuyamimina kwenye beseni chini ya mizinga miwili ya shangazi Veneranda, huku kwetu Itetemia. Ndani ya beseni tuliweka vijiti ili nyuki watue, wanywe bila kuzama.

Oktoba ile jua lilichoma kwelikweli. Kisima kilikuwa mbali, na wenzangu walikuwa wakicheza rede. Nami nikacheza siku nne mfululizo, na kila jioni nikamwambia shangazi kwamba beseni limejaa.

Asubuhi ya siku ya tano nilikuta masega yamelainika na kuanguka, asali inachuruzika, majana, yaani watoto wa nyuki, yamekufa na nyuki wamehama. Kabla ya kumwita shangazi nilichota maji ya mtungini nikajaza beseni. Nasema bila kuficha: nilikuwa mwoga na mjanja kwa wakati mmoja.

Shangazi alilia. Kisha akakumbuka kwamba jirani yetu, mzee Silasi, alikuwa amepulizia dawa nyanya zake. Akamfuata hadi uani kwake, akamwita muuaji mbele ya wanawe. Nilikuwepo, nikanyamaza.

Siku hiyo hiyo mwalimu Octavian alinirudishia mtihani wa sayansi. Nilikuwa nimepata zote. Nilikuwa nimeandika kwamba jasho hutupoza kwa sababu maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Mwalimu akaongeza kwamba nyuki nao hupaka maji kwenye masega, wakayapepea kwa mabawa, na bila maji mzinga huwa tanuri. Alama zile niliziona aibu tupu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta shangazi anajiandaa kumshtaki mzee Silasi kwa mwenyekiti wa mtaa.

“Shangazi, beseni nililijaza nyuki wakiwa wameshaondoka,” nilisema. “Siku nne sikuchota maji.”

Hakunipiga. Alinishika mkono hadi kwa jirani. Nilimwamkia mzee shikamoo, nikaeleza yote, na shangazi akaomba radhi.

“Wewe ni mtoto, Adelina, nimekusamehe,” alisema mzee Silasi. “Lakini Veneranda, ulinitukana mbele ya wanangu.” Akaingia ndani, akafunga mlango.

Tulirudi kwetu. Tulipofika kwenye mizinga mitupu, shangazi alinitazama.

“Uvivu wako umetupotezea nyuki,” alisema. “Mvua zikinyesha, huenda wakaja wengine. Kunyamaza kwako kumetupotezea jirani, mwanangu, na huyo sijui tutampata wapi.”