Jumba Linalopumua

Jumamosi, saa kumi jioni. Stoo ya nyuma ya kilabu cha Aurelia ilinuka pombe ya komoni na mkojo wa panya. Pankrasi, mkubwa wao, alichuchumaa akachora sakafuni kwa mkaa.

"Jumba la makumbusho halina kiyoyozi," alisema. "Linapumua lenyewe. Hewa baridi inaingia matundu ya chini, ya joto inatokea mnarani. Osmund, wewe unashukia mnarani, unatufungulia mlango wa nyuma. Paneli na betri za sola ziko stoo ya humo ndani, hawajazifunga."

Osmund alilijua jumba. Alikuwa kibarua wa kushindilia udongo wa kuta zile nene. Makumbusho ya karne ijayo, wafadhili walisema: paa linavuna mvua, umeme unatoka juani. Kuta zilipoisha, vibarua wakatimuliwa. Kazi nyingine Songea ipi? Ushirika hoi, na tangu soko huria kila mtu anauza mitumba, wa kununua hayupo.

Lakini kilichomkaba roho ni mkewe. Leticia alikuwa Lusewa kwa mama yake, siku zake zimetimia. Mtoto wao wa kwanza alifia mikononi mwa mkunga, koroboi ikizimika kila mara. Sasa mikuki ya marehemu iwashiwe taa makumbusho, mzazi aliye hai apapasiwe gizani?

"Paneli moja na betri moja ni zangu," alisema. "Zinaenda zahanati ya Lusewa. Mengine sitaki."

"Hilo tumeshaongea, bwana. Usinichoshe."

"Na mlinzi?" aliuliza Sefu, dereva, mtu wa Tunduru.

"Kesho Jumapili. Mlinzi yuko misani, mji mzima uko misani."

Hakuna aliyeuliza Jumapili gani. Pankrasi na Osmund walibatizwa, ila kanisa walilipa kisogo miaka. Sefu Mwislamu, angejulia wapi?

Jumapili, saa tatu asubuhi. Baridi ya Juni ilikuwa inauma. Osmund alishuka mnarani kwa kamba, mgongo ukichunika. Katikati kamba ikakatika. Akaanguka chini, goti likalia. Akatukana kimoyomoyo.

Ndipo sauti zikamfikia. Pankrasi na Sefu walikuwa nje, kando ya matundu ya chini, na jumba lilivuta maneno yao pamoja na hewa.

"Osmund unamfanyaje?" Sefu.

"Mzigo wa mwisho ukitoka, namfungia humo. Polisi lazima wakute mtu."

"Na mkewe je?"

"Atazaa kwa koroboi kama mama yake alivyomzaa."

"Wallahi, Pankrasi, hiyo dhambi."

"Kalete gari."

Osmund aliinuka akichechemea, hasira imempanda. Kurudi juu haiwezekani. Njia ni mlango mmoja tu, na nje yupo Pankrasi. Aliingia stoo akajitwisha paneli kwanza, ndipo akafungua.

"Nimesikia," alisema. "Yote."

Pankrasi alimtazama, akatema mate. "Beba. Tutagombana barabarani." Akaingia stoo, akachukua betri, wakatoka.

Saa tatu na nusu. Gari halikuwepo mlangoni. Sefu alikwama na pikapu ng'ambo ya barabara, anapunga mkono kama mwehu, maana barabara ilikuwa imejaa watu: watawa, kwaya, watoto wanamwaga maua. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Maandamano ya Ekaristi, jamani, na yanapita pale pale.

Kengele ikalia. Padri akainua Sakramenti. Barabara nzima ikapiga magoti, mapolisi wawili waliokuwa wanasindikiza nao pia.

Pankrasi naye akaenda chini. Hakukusudia. Magoti yalikunjika yenyewe, kama masista walivyomzoesha tangu utoto. Betri akaiweka kando, akafanya ishara ya msalaba.

Osmund hakupiga goti. Alipita na paneli kichwani katikati ya vichwa vilivyoinama, anachechemea, akaitupia nyuma ya pikapu.

"Ingia," Sefu alinong'ona.

"Betri."

"Achana na betri, we Osmund. Ingia."

"Paneli bila betri inawaka mchana tu, Sefu. Watoto wanakuja usiku."

Akarudi. Watu bado wameinama. Alishika betri, akainyanyua, na mkono wa Pankrasi ukamdaka kifundo cha mguu. Wakatazamana.

Kengele ikalia tena. Watu wakaanza kuinuka.

"Mwizi," Pankrasi akapaza sauti, nzito na safi. "Huyu hapa, kavunja makumbusho. Mshikeni."

Pikapu iling'oka. Osmund hakuona kama imeshika njia ya Namtumbo, ya kwenda Lusewa, au la, maana viatu vilikuwa vimeshaanza kumshukia. Aliikumbatia betri, asidi ikimchoma kifua, hadi wakamkanyaga vidole vikaachia.

"Tulikuwa wote," alisema, mdomo umejaa damu. "Muulizeni. Tulikuwa naye."

"Kimya," alisema polisi. "Mzee wa watu alikuwa anasali, sote tumemwona."

Pankrasi alijipangusa vumbi magotini. Betri akairudisha makumbusho yeye mwenyewe, na watu wakampisha njia.