Ukitaka Tuache, Inua Mkono

Mkokoteni uliojaa matikiti ulimsukuma Samah hadi ndani ya duka la udi, Kariakoo, pindo la buibui lake la buluu likiwa limelowa tope.

"Karibu. Wengine huingia wenyewe," alisema Suud, mwenye duka, kanzu yake nyeupe ikinukia ubani.

"Kumbe wateja unaletewa kwa mkokoteni?"

Suud alicheka, akakohoa, kisha akageuka upesi kutazama kiti cha marehemu baba yake nyuma ya duka. Kilikuwa kitupu.

Walipendana. Kila baada ya Isha walipigiana simu. Lakini Suud hakumwambia kuwa alikuwa akisikia kikohozi cha baba pale kitini, wala kuwa picha ya kifua ilionyesha doa pembezoni mwa pafu lake, kama lililomuua mzee. Madaktari waliingiza mrija wenye kamera. Ulikuwa mnene, haukulifikia doa.

Jioni moja Suud alipiga simu. "Wazee wamenichumbia binti wa Muskat. Usinisubiri."

"Anaitwa nani?"

"Jina… nitakwambia kesho."

"Hata jina hujamtafutia, mwongo wewe?"

Simu ikakatika. Samah aliswali huku akilia, na asubuhi akaenda dukani. Palikuwa pamefungwa.

"Yuko hospitali, binti," alisema Vallabhdas, muuza vitambaa wa jirani. "Wanarudia kile kipimo cha mapafu."

Alimkuta kitandani, Daktari Megha akimweleza: "Mrija wa leo ni mwembamba zaidi. Tutapitisha ndani yake kifaa cha mawimbi ya sauti kituonyeshe doa, tukate kipande kidogo. Hutaweza kusema. Ukitaka tuache, inua mkono."

Suud alimwona Samah mlangoni. "Nani kakuleta?"

"Miguu yangu."

"Mama alibaki mjane angali kijana, Samah. Sitaki uwe yeye."

"Mimi umeniuliza?"

Suud akapelekwa kupimwa. Samah alibaki na tasbihi yake.

Aliporudishwa, koo lilikuwa limekufa ganzi, sauti hana.

"Tumelifikia," daktari alisema. "Majibu wiki ijayo, Mungu akipenda." Akatoka.

Nyuma ya pazia la kitanda cha jirani mtu akakohoa. Suud alitoa macho, midomo ikiunda neno "baba" bila sauti. Samah alivuta pazia: kitanda kitupu, shuka limenyooka, na harufu ya udi.

Alisoma Bismillahi, kisha akasema taratibu, "Asalaam alaykum, baba."

Akarudi, akaketi karibu na Suud.

"Majibu yawe yoyote, Ijumaa wazee wako waje kwetu kuposa. Ukitaka niache, inua mkono."

Suud aliutazama mkono wake juu ya shuka. Haukuinuka.