Mgeni wa Chini ya Jengo

Jambo moja Kheiria hakulipatia jawabu mpaka leo: neno "karibu" lilimtoka kabla ya kuisikia ile sauti, au baada yake? Kama ni kabla, basi ilikuwa adabu tu, adabu ya mtu aliyelelewa Unguja, anayemkaribisha kwake hata asiyemjua jina. Kama ni baada, basi alijua anamwita nani.

Mwaka ule, 2006, vijana wa Maskati, mji wa Omani alikohamia, walifanya tamasha la sanaa chini ya ardhi: ndani ya njia ya waendao kwa miguu inayopita chini ya barabara kule Ruwi, na katika maegesho ya magari chini ya jengo jipya ambalo lilikuwa bado halijahamiwa. Nasriya, rafiki wa marehemu Ghaliya, alikuja mwenyewe nyumbani kwao Darsait kuwaalika wazee wa rafiki yake. Picha za Ghaliya zitapewa ukuta mzima, alisema.

Ghaliya alikuwa mtoto pekee wa Kheiria na mumewe, Thani. Ugonjwa wa siko seli ulimchukua mwaka uliotangulia, akiwa bado mwanafunzi wa uchoraji. Adui yake alikuwa baridi. Ikimgusa kidogo tu, mifupa inawaka moto.

"Zamani watu wakishuka mashimoni kujificha," Thani alitania wakiteremka ngazi. "Siku hizi wanajipaka manukato kwanza."

"Nyamaza, bwana we. Utawatia haya watoto wa watu."

Thani alisimama mbele ya picha za mwanawe akawa anamsimulia kila apitaye. Kheiria hakuweza kutazama. Alitembea tu, akapita vitambaa vilivyoning'inizwa, akapita vioo, hadi taa zilipokwisha. Pale mwisho, kwenye harufu ya saruji mbichi, palikuwa na mwanamke amekaa chini, amevaa abaya, kageukia ukuta, mabega yanatetemeka.

"Mama, nna baridi."

"Karibu nyumbani. Darsait si mbali."

Hivyo ndivyo anavyokumbuka, sauti ya Ghaliya kisha jawabu lake, lakini pengine maneno yalifuatana kinyume. Aligeuka kumwita Thani. Alipotazama tena aliona ukuta mtupu.

"Khalti, kule hatukuweka kitu," Nasriya alimwambia, akimwita kama mama yake mdogo, akimshika mkono. "Hata nguzo za mwisho hatukuzifikia. Mbona umepoa hivi?"

Kilichoanza nyumbani ni harufu. Ilikuwa saa ya kupumzika mchana, mapazia yameshushwa, na saruji mbichi ikanuka ukumbini, katika nyumba iliyojengwa miaka mingi nyuma. Kheiria akafungua madirisha. Siku ya pili akakuta kiyoyozi cha chumba cha Ghaliya kimezimwa, na hapana aliyekigusa. Halafu zikaja ndara, zikiburuzwa polepole kama za mtu aumwaye magoti, zikatoka chumbani, zikafika jikoni, zikarudi.

Hakupiga kelele. Alichemsha maziwa kwa tangawizi, akaweka gilasi mlangoni. Jioni aliikuta imejaa vilevile, maziwa yameganda juu, baridi kama yaliyotoka kwenye friji.

Basi akawa anapika mara mbili, akizungumza na mlango, akiuliza na kujibiwa neno moja lilelile, nna baridi, nna baridi, na kila alipojibiwa nywele zilimsimama na moyo ukamfurahi, vyote kwa pamoja, akawa hajui kipi ni kipi, mpaka mchana mmoja alipoamka usingizini akasikia minong'ono miwili badala ya mmoja, akatoka pekupeku, akaifuata harufu ile ukumbini mpaka mwisho wake, akamkuta Thani ameketi chini, mgongo kwenye mlango wa chumba cha mtoto, mikono yake imewekwa mapajani kama vitu vya mtu mwingine, imevimba, vidole havikunjiki, vimevimba vilevile kama vilivyokuwa vikivimba vya Ghaliya.

"Unamsikia?" Kheiria alinong'ona.

"Tangu siku ya mwanzo."

"Na mikono hii?"

"Akilia yeye, naumwa mie." Thani alitabasamu. "Mwache, Kheiria. Unakumbuka kule hospitali? Kila usiku nliomba maumivu yake yaje kwangu. Nshapewa. Usininyang'anye."

Kheiria alikaa chini kando yake. Alijua kwamba na yeye angesema hayohayo. Lakini siku ile alimfunga mumewe vifungo vya kanzu kama mtoto, akamlisha kwa mkono wake, na alfajiri Thani hakuweza kuinuka kwenda kusali.

Akamwita Maalim Mahfoudh kutoka Sib, mzee msomaji wa Kurani, mpole. Alisoma tangu adhuhuri hadi alasiri. Ndara hazikusimama.

"Ni yeye?" Kheiria aliuliza.

"Siye, binti yangu. Wako yuko kwa Mola wake. Huyu ameipata sauti tu."

"Basi ni shetani."

"Sijui. Pengine alikuwa akikaa pale tangu hapajachimbwa, watu wakamvunjia kwake. Anayekosa pa kukaa huazima anachokiona." Akafunga msahafu. "Mie hufukuza aliyeingia kwa nguvu. Huyu mmemkaribisha. Mgeni hafukuzwi, huagwa. Lakini akibaki, Bwana Thani hatofika Ramadhani."

"Ataagwaje?"

"Nyumbani kwenu udi hupitishwa lini?"

Kheiria akafahamu. Hapana mtu wa Maskati asiyejua: ukishafukizwa udi, mazungumzo yamekwisha, unainuka. Baada ya udi hakuna kukaa.

"Nani apitishe?"

"Aliyekaribisha."

"Usifanye," Thani alisema kutoka godoroni. "Kheiria, nakuomba. Nnaweza kuvumilia."

"Najua unaweza, Thani. Mie siwezi kuwazika nyote wawili."

Walimtandikia mgeni jamvi zuri. Wakamwekea halua, wakammiminia kahawa. Kikombe kikakaa kitambo, halafu kikatikisika chenyewe mara chache, kama mtu aliyelelewa vyema anapoashiria imemtosha. Thani alipoona hivyo akauficha uso wake.

Ndipo ikaamuliwa, na hapana aliyepinga tena. Kheiria alitia udi juu ya makaa, akachukua chetezo, akampitishia Maalim, akampitishia mumewe, kisha akapiga magoti mbele ya jamvi tupu. Moshi ulipanda, ukakutana na kitu, ukajaa taratibu ndani ya abaya isiyoonekana: mabega, shingo, kichwa kilichoinama kuupokea joto.

"Mama, nna baridi."

Kheiria akakisogeza chetezo karibu zaidi. Alisubiri mpaka moshi wote ukapanda.

"Safari njema, mgeni wetu," alisema. Hakusema mwanangu.

Ndara zikaburuzwa ukumbini, polepole, zikasimama kwenye mlango wa nje. Thani akajikokota hadi hapo, na kwa vidole visivyokunjika akashindwa kuzungusha kitasa. Kheiria akaweka chetezo chini, akaufungua mlango yeye, ndara zikatoka, na baada ya kitambo akaufunga yeye.