Pikipiki Iliyovuliwa Mapambo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kulthumu aliifuta pikipiki ya baba yake kwa kitambaa kisafi kuliko sare yake mwenyewe. Pale mjini Muyinga motari wote, waendesha pikipiki za kukodi, walibeba abiria, lakini pikipiki ya baba huyo, Nassoro, ilibeba abiria na harusi nzima: honi mbili, vioo vinne, bendera, kiti chenye vishada vya rangi, na taa ya buluu iliyowaka hata mchana kweupe. Mpambaji mkuu alikuwa Kulthumu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili na majivuno ya fundi wa miaka arobaini.

Ijumaa moja, duka la Gitega lililomuuzia Nassoro pikipiki hiyo lilimpigia simu. Aina ile ilikuwa na kasoro: nyaya za chini ya tangi ziliweza kushika moto. Airudishe kesho, wambadilishie nyaya bure.

"Wamesema ije bila mapambo, mafundi wapate kufika kwenye tangi," Nassoro alimwambia binti yake.

"Yote, Baba? Hata vishada?"

"Hata vishada. We ndiye uliyeivisha, we ndiye utakayeivua."

Kulthumu alivua kitu kimoja kimoja na kukitia kwenye beseni, uso ameukunja kama anayezika paka wake. Akamalizia na taa ya buluu. Taa hiyo aliifunga yeye mwenyewe kwa waya wa wigo, akiupitisha chini ya usukani pasipoonekana, baba yake akiwa msikitini. Alipoufungua waya, moyo ulimlipuka. Waya ulikuwa umeukwaruza mpira unaopeleka mafuta kwenye breki ya mbele, hadi mpira ukaonekana kama umetafunwa na panya.

Akisema, taa haitarudi tena. Basi akaugeuza mpira, sehemu iliyolika ikaangalia ndani. "Ni mkwaruzo tu," akajiambia. "Si inakwenda kwa mafundi? Wataona wenyewe."

Asubuhi, Houssein, motari mwenzake Nassoro, aliwaona baba na binti wakitoka, akashika kichwa.

"Nassoro! Hiyo ni pikipiki au kuku aliyenyonyolewa?"

"Inakwenda kuoga. Yako itaoga lini?"

Wakacheka wote wawili. Kulthumu hakucheka. Njia ya Gitega ni vilima mwanzo hadi mwisho, na kila waliposhuka mteremko, baba yake akikamata breki, yeye alimkumbatia kwa nguvu zote.

"Mbona unanibana hivyo? Mi si gunia la maharage!"

Kulthumu akalegeza kidogo, kisha mteremko uliofuata akabana tena.

Dukani Gitega walipokelewa na Dorcas, fundi mcheshi kutoka Kivu ya Kusini. Alibadilisha zile nyaya huku akiimba. Alipogeuza usukani, wimbo ukakatika.

"Papa, mpira huu wa breki umeliwa na nini? Mafuta yameanza kuvuja."

Nassoro akawaka. "Hiyo iko kazi ya kiwanda chenu! Leo nyaya, kesho breki! Hapo hapajawahi kufungwa kitu. Mi naijua pikipiki yangu!"

"Sema, mzee!" wakadakia wateja wengine, waliokuwa wamechoka kukaa bila burudani.

Dorcas hakupandisha sauti. "Nitaweka mpya, papa. Lakini kama sijui kilichokula huu, kitakula na mwingine. Na siku hiyo we uko mteremkoni."

"Naapa, hapo hapaku—"

"Baba, usiape!" Kulthumu alisema. "Ni mimi."

Akaeleza yote: taa, waya, na vile alivyougeuza mpira jana. Wateja wote ghafla wakawa na kazi ya kutazama viatu vyao. Nassoro alichuchumaa mbele yake.

"Uliona tangu jana, ukapanda nyuma yangu hata hivyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Kumbe ndiyo maana ulinibana." Akamvuta kifuani. Alipomwachia, akamgeukia Dorcas. "Dada, nisamehe. Nimekubwatukia bure."

"Mi nimezoea, papa. Wengine hunipigia hata honi."

Dorcas alifunga mpira mpya, kisha akamwonyesha Kulthumu pa kuifunga taa, mbali na breki, na jinsi ya kuzungusha usukani kushoto na kulia kuhakikisha hakuna kinachoguswa.

"Sikiliza, mwanangu," Nassoro alisema. "Kufunga vibaya ni kutojua, na leo umefundishwa. Kunyamaza ndiko kulikoniumiza. Ungesema jana, nisingeiwasha pikipiki hii. Taa tungenunua nyingine, ila Kulthumu mwingine ningempata wapi? Kuanzia leo ukiona ubaya wowote, niambie hapo hapo, hata kama nitakasirika."

"Wowote, Baba?"

"Wowote."

Kulthumu akavuta pumzi. "Tairi la nyuma lina upara. Na unalijua tangu Ramadhani."

Nassoro akaingiza mkono mfukoni kutafuta pochi. Dorcas alikuwa ameshaanza kulegeza nati za gurudumu.